Mafuta Mekundu kwenye Kijiti

Kaka yangu aliniambia mambo matano ya kuangalia kwenye gari la otomatiki. Manne niliyafuata. La tano nililiacha lipite kwa sababu nilikuwa na haraka, na haraka haraka haina baraka, methali niliyofundishwa kabla sijajua kujifunga kitenge mwenyewe. Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki mtu aje kuniambia ni kudra. Kudra ipo, ila gari nililinunua mimi.

Tulikuwa Kabambare, mkoani Maniema huku Kongo, ambako nina duka dogo la dawa. Mama alikuwa akiishi kwangu tangu baba alipofariki. Kwao ni Kasongo, na huko Kasongo yeye na dada yake mkubwa waliuza mawese, mafuta ya michikichi, sokoni tangu kabla sijazaliwa hadi wote wawili wakaota mvi. Mimi nimekulia kati ya mapipa ya mawese. Shati langu la shule lilikuwa na madoa yake, daftari zangu vilevile, na wenzangu darasani waliniita mtoto wa mawese mpaka nikachoka kupigana nao. Nilipofungua duka la dawa nilifurahi kwamba hatimaye nitanuka spiriti.

Kisha mama akateleza uani wakati wa mvua, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Akawa hawezi kupanua miguu. Kwetu mtu asiyeweza kupanua miguu hasafiri, maana safari ni pikipiki, na pikipiki haina pa kumweka mtu ubavu kwa njia ile. Tipoyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani, ingemfikisha labda kijiji cha pili au cha tatu. Kasongo ni mbali, na kila hatua ya wabebaji ingemchoma mfupani. Akakaa. Alikaa miezi mingi kwenye mkeka chini ya upenu, akichambua maharage ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa.

Kiangazi kilipoanza, ukaja ujumbe wa sauti kwenye simu yangu. Alikuwa mama mkubwa, yaani huyo dada yake, na alikuwa akiongea kama mtu anayepanda mlima. "Ambia mudogo wangu akuje. Niko namungoya. Tupeane radhi, kisha niende."

Asiye wa kwetu huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Mtu hapendi kuondoka duniani na neno la mwenzake kifuani. Anaomba radhi, anapewa, naye anatoa ya kwake, ndipo roho inalainika. Kati ya mama na dada yake palikuwa na jambo la zamani ambalo hawakutuambia, na sisi tulifundishwa kutouliza. Nilimwambia mama tupige simu, waongee. Alinitazama kama niliyemtukana.

"Radhi haiko ya simu," alisema. "Nitamushika mukono."

Basi nikaanza kutafuta gari.

Kabambare lilikuwepo moja tu lililokuwa likiuzwa, gari dogo jeupe la chini chini, lililoshushwa kutoka kwenye lori lililotoka Kalemie. Mwenyewe alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mgeni wa huku, ambaye alilitumia kutoka nyumbani kwake hadi sokoni na kurudi ili watu wamwone. Sasa alikuwa akihama. Nilimpigia simu kaka yangu, fundi wa magari Bukavu, nikiwa nimesimama pale kilimani ambapo mtandao unapatikana. Nilimweleza haja yangu.

"Otomatiki ni shida, dada," alisema. "Hiyo bwate ikikufa, huko hakuna mutu wa kuifungua." Bwate ni sanduku la gia. Kisha akanihesabia. Kwanza nichomoe kijiti cha kupimia mafuta ya bwate: mafuta yakiwa mekundu, ni mazima, yakiwa meusi, yananuka kuungua, niage niende zangu. Pili, nitie gia nikanyage breki, nihesabu. Gari likikawia kushika, bwate imechoka. Tatu, nilipandishe mlima, na injini ikinguruma bila gari kwenda, ndani kunateleza. Nne, nichungulie chini pale lilipolala kama kuna doa. "Na tano," alisema, "uende asubuhi mapema, kabla haijawashwa. Motokari ya moto inaficha ugonjwa."

Nilikwenda asubuhi mapema. Mnunuzi wa dhahabu akasema gari limetoka, nirudi saa sita. Nikarudi saa sita. Hapo ndipo nilipoliacha lile la tano, na nakumbuka hata nilivyojiliwaza: moto au baridi, chuma ni chuma.

Nilikuwa nimemchukua jirani yangu, mzee aliyeendesha malori ujana wake wote, aje kuwa dereva. Malori yake yote yalikuwa ya gia za mkono. Alilizunguka gari lile akipiga matairi teke, na mwenye gari akaongea naye, mimi nikiwa katikati yao kama fimbo ya pazia. Nilipouliza mafuta ya bwate yalibadilishwa lini, mwenye gari alimjibu mzee. Nilipouliza tena, alinicheka. "Mama, wewe uangalie kama kiti iko muzuri. Mambo ya bwate utuachie wanaume."

Nilikasirika sana. Nikainama mwenyewe, nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa kitambaa cheupe nilichotoka nacho dukani, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Mekundu! Mekundu ya kung'aa kwenye kitambaa changu cheupe. Nilikinyanyua mbele ya uso wa yule mtu kama cheti. Nikanusa pia, nikasikia harufu ya kawaida tu, harufu isiyo na tishio lolote. Mzee akatia gia, nikahesabu moja, mbili, likashika. Tukalipandisha kimlima cha sokoni, likapanda. Chini palikuwa pamefagiwa, mchanga mpya umemwagwa. Hata mchanga ule niliuona, nikasema moyoni kwamba mke wake ni msafi.

Tulilileta nyumbani, tukalisimamisha mbele ya upenu, karibu na mkeka wa mama. Alilitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kuanguka kwake kumwona anatabasamu, na nilijisikia mtu. Kisha akainua pua.

"Motokari yako inanukia kwetu," alisema.

"Jirani anapika, mama," nikamjibu, nikaingia ndani kutafuta mto wa kumwekea kwenye kiti.

Tuliondoka kesho yake baada ya swala ya alfajiri. Asubuhi za kiangazi huko ni za baridi, mtu anatoka na blanketi begani. Mama tulimlaza kiti cha nyuma, mito miwili kiunoni. Mzee akawasha, akatia gia. Gari halikwenda. Nilisoma Fatiha yote hadi amina, ndipo likashtuka, likasogea.

"Iko naamuka," alisema mzee, mguu wake wa kushoto ukitafuta klachi. "Hii haina embreyaji. Mutu hajui inafikiri nini."

Nilijua. Kaka alikuwa ameniambia kuhesabu, na mimi nilikuwa nimehesabu Fatiha nzima. Ningeweza kusema turudi. Lakini mama alikuwa amejipaka wanja nyuma pale, amevaa kitenge kipya alichokificha tangu sikukuu, na midomo yake ilikuwa ikicheza, anapanga maneno atakayomwambia dada yake.

Jua lilipopanda, gari lilichangamka kidogo, tukaanza kuamini. Mzee alilipitisha kando ya mashimo kwa ufundi wake wa zamani, na tuliposhuka kuvuka daraja la magogo aliimba. Baada ya daraja kulikuwa na mlima. Katikati ya mlima injini ilinguruma kwa nguvu, sauti ya gari linalokimbia, na sisi tumesimama. Kisha tukaanza kurudi nyuma kuelekea mtoni. Mzee alikanyaga breki. Mimi niliruka nje nikatia jiwe nyuma ya gurudumu.

Kulikuwa na moshi, na harufu. Sisi hatupiki na mawese mabichi; tunayaweka motoni kwanza mpaka yapauke, na moshi wake ndio unaomwambia mtoto wa nyumba ile kwamba chakula kinakuja. Harufu ilikuwa hiyo. Aibu yangu kubwa ni kwamba pale mlimani, mama yangu akiugua kwenye kiti cha nyuma, nilisikia njaa. Nilisikia njaa na sikujiuliza kwa nini.

Watu wa kijiji cha karibu walikuja. Walimteremsha mama kwa mikono, wakamlaza kwenye mkeka kando ya njia, kisha wakakusanyika kwenye injini na mzee wangu, kila mmoja na lake. Mmoja akasema ni maji, mwingine akasema ni betri. Nilizunguka na simu juu ya kichwa nikitafuta mtandao, sikupata. Gari lile liko pale pale hadi leo. Wamelisukuma kando, viti vyake viko kwenye nyumba za watu, na kuku wanataga ndani.

Ilipofika karibu adhuhuri alipita motari, yaani dereva wa pikipiki, anatoka upande wa Kasongo, kijana wa mtaa wetu wa zamani. Alipotuona alipunguza mwendo, akazima pikipiki, akavua kofia. Nilijua kabla hajafungua mdomo, maana waendesha pikipiki wa kwetu hawavui kofia kumsalimia mtu.

"Mama mukubwa alituacha alfajiri," alisema. "Watamuzika kisha adhuhuri. Poleni sana."

Mama alisema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, polepole, bila kukosea. Hakulia. Sisi Waislamu hatuchelewi kuzika, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Wanaume wa kijiji, Mungu awalipe, walikwisha kwenda kukata miti ya tipoyi, lakini hata wangeota mabawa tusingefika. Motari alikaa nasi kidogo, akawasha, akaenda.

Mafuta yalikuwa yakidondoka chini ya gari, tone baada ya tone, yakifuata mteremko hadi karibu na mkeka. Mama aliyatazama. Akaniomba jani. Nikamletea, akaliweka chini ya tone, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba kama alivyofanya maisha yake yote mbele ya kila pipa aliloletewa. Akanusa. Akagusa kwa ncha ya ulimi.

"Mawese," alisema. "Ya zamani. Waliipika na moto mingi, na waliichanganya na mafuta ingine."

Nikainama nami nikanusa lile jani.

"Nilikuambia, mama," alisema. Mama ndivyo anavyoniita mimi binti yake, kwa upendo. "Siku ile uliileta, nilikuambia inanukia kwetu. Ukaniambia jirani anapika."

Baadaye kaka alinieleza yote kwa simu, kwa sauti ya kuchoka. Bwate ilikuwa inavuja. Mafuta yake halisi hayauzwi Kabambare, nayo ni mekundu, na kitu chekundu kinachopatikana kila duka la Maniema ni mawese. Mtu akajaza. Mawese huganda asubuhi ya baridi, ndiyo maana gari lilikawia; adhuhuri huyeyuka, ndiyo maana niliitwa saa sita; mlimani hutoa povu na kuungua, bwate ikakosa nguvu ya kushika. Labda yule mtu alituibia. Labda naye aliambiwa tu kwamba mafuta mekundu ndiyo mazuri, kama mimi. Sijui, na siku hizi sijali sana. Ninachojua ni kwamba nilimchukia kwa kuongea juu ya kichwa changu, kisha siku ileile nikaongea juu ya kichwa cha mama. Niliuliza fundi wa Bukavu na dereva wa malori. Mtu mmoja Kabambare nzima angeweza kuniambia kilichomo ndani ya bwate ile kwa pua tu, na nilikwenda kumtafutia mto.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale njiani nilipiga magoti kwenye mkeka, nikamshika mama ule mkono wenye mafuta. Nililia mimi, kwa sauti, mbele ya watu.

"Nipe radhi, mama," nilisema. "Nimekukosea."

Aliniachia mkono. Akachukua ncha ya kitenge chake kipya, akafuta kidole chake taratibu, halafu akafuta changu.

"Iko saa ngapi?" aliuliza.

Niliangalia simu. "Saa nane."

"Basi wamemaliza." Alitazama njia ya Kasongo, juu mlimani. "Radhi yako nimekupa, mama. Yangu sasa, nitaiomba kwa nani?"