Nafasi ya Kidole Gumba

Juzi, kwenye steshenari moja mjini Morogoro, nilipanga foleni nyuma ya mjane kutoka Kinole. Alikuwa akichapiwa barua ya kumwita mwanawe aje kwenye arobaini ya baba yake. Kijana wa duka alikuwa anachapa kwenye kompyuta.

“Mama, siku hizi aya zote zinaanzia ukingoni.”

“Sogeza, mwanangu. Marehemu alianza kila aya kidole gumba kimoja ndani.”

Kijana akavuta kimshale cha kwenye rula ya juu ya ukurasa, barua nzima ikahama.

“Mstari wa kwanza tu.” Mama akabandika kidole gumba kwenye kioo. “Ongeza. Chake kilikuwa kinene.”

“Kwani mama unajua kusoma?”

Hasira zikanipanda. Nilishaandaa hoja tatu za kumtetea, kama kwenye mdahalo chuoni, lakini mama aliniwahi.

“Sijui. Barua za kwetu nazijua kwa hiyo nafasi.”

Kijana akasogeza. Barua ilipotoka, mama aliipima aya kwa aya, kisha akaomba nakala ya pili. Nikamuuliza ni ya mtoto gani.

“Yangu,” akasema. “Nyumbani haandiki mtu tena.”

Hoja zangu tatu nilirudi nazo chuoni.