Neno la Anayebaki

Siku ile ya mtaa wa Rosettenville naikumbuka, mjukuu wangu, na ikinijia mpaka leo mwili unanisisimka. Nilikuwa mgeni hapa Joburg, nimetoka Tanga, nikimuuguza bibi mmoja Mtonga, jina lake Mele. Usinikodolee macho! Tonga ni visiwa, mbali huko Pasifiki. Aliolewa na mtu wa hapa, wakazaa binti mmoja, Sela, wakamlea kwa Kiingereza kitupu ili asichekwe shuleni.

Mele alinifundisha wanavyoagana kwao. Anayeondoka husema “nofo ā”, yaani baki salama. Anayebaki hujibu “ʻalu ā”, nenda salama. Wamaori wa New Zealand, ndugu zao wa lugha, nao humpa kila mtu neno lake hivyohivyo.

Basi alasiri moja, umeme umekatika kwa mgao, wingu limetanda, Sela akachukua mkoba aende spaza, kiduka cha mtaani. Mama yake, aliyekuwa hajitambui tangu asubuhi, akafumbua macho.

“Nofo ā,” akasema, wazi kabisa.

Sela akacheka; neno hilo pekee alilijua, la mama yake kila akitoka. “Mama, mimi ndiye ninayetoka.”

Mimi sikucheka. Bibi alikuwa akitazama mlangoni, akainua kidole kama anayemwomba mtu angoje. Wallahi, hapakuwa na mtu! Chumba kikaingia baridi, kikanuka bahari. Bahari gani, Joburg?

“Nofo ā,” akarudia, na tena, na tena. Pumzi inakwama, haikatiki. Hapo nikaelewa kwamba anaaga, na hakuna wa kumjibu.

“Mjibu mama yako,” nikamwambia Sela.

“Kwa neno gani? Mimi sijui!”

Nikamnong’oneza. Akaukumbatia mkoba wake. “Nikisema atakwenda, anti.”

“Na usiposema atateseka. Mimi si damu yake. Sema!”

Alilia, maskini, mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaweka mkoba chini, akamshika mama yake mkono. “ʻAlu ā, Mama.” Mele akatabasamu, akageuzia uso mlangoni, akakata roho. Niliogopa, sikufichi. Sikupita mlango ule mpaka majirani walipokuja.

Sasa wewe, nakuita kwa Kiswahili, unanijibu “eish, gogo”, bibi huyo wa Kizulu. Kizulu sikukatazi, kitakupa kazi na marafiki. Lakini kaa nami jikoni, uliza, kosea, nikucheke kidogo, ujifunze. Sela neno lake alilipata kwa mgeni, mama yake akiwa anakata roho. Mimi siku yangu ikifika sitaki mtu wa kukunong’oneza.

Mola akupe umri, akulainishie ulimi, na nitakapokuaga unijibu mwenyewe.