Kifaru Kisicho na Mzinga

Jeshini nilikuwa fundi, na kazi yangu ilikuwa kuendesha kifaru kisicho na mzinga. Mahali pa mzinga kilikuwa na winchi, kamba ya chuma nene kuliko gumba langu, na masanduku ya spana. Kilivuta magari yaliyokwama, basi. Hakijawahi kuua hata kuku. Nilikipenda kuliko nilivyowapenda wakubwa zangu, na sioni aibu kusema hivyo.

Miaka ile ya wakimbizi, boti ziliwashusha watu ufukweni, kisha malori yakawapandisha makambini. Masika yakikolea, udongo mwekundu ulimeza malori, nasi tukaitwa. Siku moja mchana utingo mmoja alitufikia akihema: lori lao limekwama bondeni, na ndani kuna mama ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto hatoki. Walikuwa wamegeuza gari wamrudishe hospitali, Kigoma mjini. Nikapiga hesabu: nusu saa kufika, dakika kumi kuwanasua. Tungewahi.

Mvua ilikuwa inapiga kweli kweli. Nilikuwa na mafua, nikafunga kifuniko cha kifaru juu ya kichwa changu, nikaendesha nikichungulia kwenye upenyo wa mbele. Mwenzangu naye akajifungia. Taratibu zinaruhusu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu wale walikwishaona kwao chuma kama hiki kikishuka kilimani, kimefungwa vivyo hivyo, na walijua kilichofuata. Waliposikia minyororo ya kifaru chetu wakaruka kutoka lorini, wakambeba yule mama kwenye kitenge, wakatokomea porini. Tulikuta lori tupu. Dereva wake, Mmanyema wa Ujiji, alikuwa amekaa kwenye tope analia.

"Nimewaambia hawa ni wetu, wanakuja kuvuta tu," alisema. "Nani anisikilize?"

Lori lilitoka kwa dakika nane. Sijawahi kuvuta vizuri namna ile, na sijawahi kuichukia kazi yangu namna ile. Kisha tukaingia porini kwa miguu, tukiita. Mimi ni Muha wa Buzebazeba. Kiha chetu na Kirundi chao vinasikilizana. "Ntimutinye," nilipaza sauti, msiogope, msiogope, mpaka koo likawasha. Hakuna aliyeitika. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipowakuta kwenye korongo, wamejikunyata. Yule mama alikuwa ameshafariki, na mtoto tumboni.

Mumewe, mtu wa makamo, aliniangalia sare yangu kwanza, halafu uso.

"Afande, wewe ni Muha?"

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Na lile dude lilikuja kutuvuta?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukutoa kichwa ukatusalimia?"

Ningeweza kumtajia taratibu. Ningeweza kumlaumu kwa kukimbia, na wapo wenzangu waliomlaumu baadaye tuliporudi kambini kwetu. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa na mafua na sikutaka kulowa. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alimfunika mkewe uso kwa kile kitenge kilichokuwa kikichuruzika maji, akaniomba nishike upande wa miguu.