Lameck na Mchi wa Msituni

Miaka ile ya ruksa, mitumba ilipojaa hadi gulio la Ipinda, shirika moja la hifadhi lilikuja Ngonga likaingia ubia na kijiji: msitu wa makaburi ya machifu ulindwe, usikatwe hata ufito. Mlinzi akawekwa Lameck. Nani mwingine? Kazi ile ilikuwa ya ukoo wao tangu enzi. Kabla mtu hajaingia, Lameck alivua viatu, akasimama ukingoni, akasalimia wazee: "Mugonile!" Kisha akangoja. Humo ndani, pasipo nyumba wala mtu, mchi ulitwanga mara tatu. Usipolia, mnarudi nyumbani, hakuna mjadala.

Shirika likampa sare na buti. Jamani, buti! Mtu wa miaka hamsini akawa anatembea kama bwana harusi. Asubuhi moja akaingia nazo msituni bila hata salamu, ati yuko kazini. Kiburi si uungwana.

Kesho yake akavua, akasalimia. Kimya. Keshokutwa, kimya. Hata ndege hawakulia. Lameck aliogopa, tusifichane. Mpunga wa kijiji kizima ulikuwa unakauka ukingoja tambiko la mvua, na bila mchi kujibu hakuna tambiko. Watu wakimuuliza, akawadanganya kwamba siku haijafika.

Siku ya nne akaja bibi misitu wa shirika, Eufrasia, mzaliwa wa Bukoba, asiyejua Kinyakyusa zaidi ya ile salamu. Alivua viatu mwenyewe bila kuambiwa, akasema taratibu, "Mugonile."

Du! Du! Du!

"Mbona umeshtuka, mzee Lameck? Wamejibu?" Yeye hakusikia kitu, maskini.

Angesema hapana, nani angejua? Lakini mpunga je? Roho ilimuuma Lameck, ikamuuma kweli, akamkabidhi kibuyu cha pombe ya tambiko alichokuwa akija nacho kila asubuhi.

"Wamekujibu wewe, mama. Ingia, uwamwagie, uwaombe mvua. Mimi nabaki hapa."

Eufrasia alikaa huko muda mrefu. Alipotoka, kibuyu kilikuwa kitupu, na macho yake yalimtazama Lameck kama ya mtu anayemfahamu toka anazaliwa. Akafungua mdomo. Kinyakyusa kikamtoka, tena safi, kwa sauti nzito ya kiume. Akamwita Lameck kwa jina la utotoni, lile alilolitumia marehemu baba yake peke yake, akamwambia:

"Umelinda vya kutosha, mwanangu. Sasa nenda nyumbani."