Moshi wa Jikoni kwa Bibi

Ko, ko, halafu ko ndogo ya mwisho. Ndivyo bibi yangu alivyogonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria kila alipomaliza kusonga ugali. Hakuwa mtu wa kuita watu waje kula. Kazi hiyo aliuachia mwiko. Popote ulipo, nyuma ya zizi, katikati ya alizeti, hata chooni, ukiisikia hiyo sauti unajua ni kunawa mikono. Babu ndiye aliyekuwa wa kwanza siku zote.

“Mke mwenzangu,” bibi alikuwa akiniambia, “mtazame mume wetu anavyokimbia. Magoti yanamuuma akitumwa kuni tu.”

Ndiyo utani wa kwetu. Mimi mjukuu nilikuwa mke mdogo wa babu na mke mwenza wa bibi, tangu nikiwa sijaota meno. Babu akitoka mnadani na peremende mfukoni, bibi ananuna kwa kujifanya, anasema sasa mume amehamia kwa mke mdogo.

Bibi alifariki alizeti zikiwa zimeinamisha vichwa, karibu na kuvunwa. Mimi wakati huo nilikuwa Ikungi, nafanya kazi kwenye duka la picha lililo barabarani. Kidato cha nne nilipata matokeo ya kukunja na kuyaweka mfukoni, lakini kompyuta ilinipenda. Dada mwenye duka aliniajiri nipige picha za pasipoti, nikajifundisha mengine mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu. Kwanza nilijifunza kumtoa mtu kwenye picha na kumweka kwenye bakgraundi nyingine. Nimeshawapeleka watu wengi sana mbele ya maporomoko ya maji na magorofa ambayo hata mimi sijawahi kuyaona. Baadaye nikajifunza kuifanya bakgraundi yenyewe itembee: mawingu yasogee, majani yatikisike, maji yateremke, na mtu mbele yake ametulia anatabasamu. Unatengeneza picha moja juu ya nyingine, kila moja imesogea kidogo tu, kisha unaziambia zizunguke bila kukoma. Siku ya kwanza wingu langu liliposogea nilipiga kelele mpaka mama muuza vitumbua wa mbele ya duka akaja kuuliza kama nimepigwa na umeme. Niliota siku moja nitatengeneza katuni nzima, yenye mbuzi wanaoongea Kinyaturu.

Kwa hiyo ilipokaribia siku ya kumaliza matanga, baba mdogo aliyekuwa Singida mjini alinipigia simu. Alikuwa amekodi luninga kubwa.

“Tutengenezee kitu cha mama,” akasema. “Kitembee. Watu wamwone yuko nyumbani kwake.”

Picha nzuri ya bibi ilikuwa moja tu, ambayo baba mdogo mwenyewe aliipiga kwa simu. Bibi amesimama kwenye mlango wa jiko lake, lile la udongo lililoezekwa nyasi, mguu mmoja nje na mwingine bado ndani. Amevaa khanga ya zambarau yenye pindo la madoa meupe. Pembeni alizeti zimechanua.

Nilimtoa bibi mlangoni taratibu, nikifuata ukingo wa khanga kwa kipanya, ili nimkuze nimweke mbele. Asiyefanya kazi hii hajui kinachobaki. Ukimtoa mtu kwenye picha linabaki shimo lenye umbo lake, na ndani ya shimo unaona vijimraba vya kijivu na vyeupe kama ubao wa drafti. Nimeona mashimo ya maharusi na ya watoto wa ubatizo, sikuwahi kujali. La bibi lilikuwa na mabega yake yaliyopinda na ile shingo iliyoegemea kushoto. Nililitazama mpaka dada akaniuliza kama kompyuta imeganda.

Shimo linazibwa kwa kifaa kinachoitwa muhuri. Unakionyesha mahali pa kuchota, tuseme ukuta au giza la mlango, kisha unapiga pale penye shimo, punje kwa punje, mpaka shimo lote linakuwa ukuta na giza. Nilimziba bibi yangu hivyo. Halafu nikazitikisa alizeti. Nikapiga picha moshi wa jiko la mama muuza vitumbua, nikaupandisha juu ya nyasi za jiko la bibi, utoke polepole kama jioni. Mwisho nikalifanya giza la mlangoni licheze kidogo, ili mtu ahisi kuna moto unawaka ndani. Ilipendeza sana. Hata dada, ambaye hasifu bure, alisema, “Hapa mtu anaweza kusikia harufu.”

Siku ile luninga iliwekwa barazani. Watu walijaa chini ya turubai, wapishi wa kukodi walipika pilau kwa gesi, na bibi alikuwa pale mkubwa, anatabasamu, nyuma yake moshi unapanda. Mashangazi walilia, wakacheka, wakanikumbatia. Babu peke yake ndiye hakusema kitu. Alisogeza kiti karibu na luninga, akakaa hivyo mpaka umeme wa jenereta ulipozimwa. Nilidhani amefurahi. Moyo wangu ulinenepa.

Baada ya hapo wote tulitawanyika. Shangazi aliyekuwa akimpikia babu kwa mkaa pale barazani alirudi kwake Manyoni. Babu akabaki na jirani wa kumletea sahani.

Kisha akaanza kuja dukani.

Mara ya kwanza ilikuwa siku ya mnada, nikaona ni jambo la kawaida. Niliruka kutoka kwenye kiti. “Shikamoo babu! Mume wangu umenifuata mpaka mjini?”

“Marahaba, mwanangu,” akasema. “Niwekee nyumbani.”

Mwanangu. Hakuniita mke mdogo. Nilimfungulia ile picha kwenye kioo cha pili, akakaa kwenye benchi la wateja, fimbo katikati ya magoti. Alizeti zikatikisika, moshi ukapanda, ukaanza tena. Alikaa mpaka jua likasogea, akaaga, akaondoka.

Alirudi. Akarudi tena, hata siku zisizo za mnada. Koti lake likaanza kuning’inia kama limetundikwa kwenye msumari. Nilimnunulia vitumbua, akavishika mkononi mpaka vikapoa, akanirudishia. Nikampigia simu jirani yake. Akaniambia, “Sahani zinarudi kama zilivyokuja, mwanangu. Anakunywa uji kidogo. Anasema anasubiri.”

“Anasubiri nini?”

“Hajasema. Mimi naogopa kumuuliza.”

Wateja nao wakaanza kumwogopa. Kuna dada mmoja wa saluni alikuja kupiga picha ya pasipoti, akanyoosha shingo kutazama kile babu alichokuwa akikitazama.

“Babu, hiyo sinema haina mwisho?” akamtania.

“Haina,” babu akajibu bila kugeuka. “Ndiyo maana sijaenda.”

Yule dada alicheka, halafu akaacha kucheka.

Alasiri moja duka lilikuwa kimya. Feni imezimwa, barabara haina gari. Babu akainua kichwa ghafla, jinsi mtu anavyofanya akiitwa. Akaegemeza fimbo ukutani, akaanza kukunja mikono ya koti.

“Nipatie maji ya kunawa,” akasema.

“Unataka kula, babu?” Nilifurahi, nikawa natafuta jagi.

“Si ameshagonga?”

Nilisimama na jagi mkononi. Ile picha haina sauti. Sikuwahi kuiwekea sauti. Babu alinitazama, akatazama kioo, akashusha mikono ya koti taratibu, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Dada mwenye duka alitoka nje, akajifanya anafagia.

“Babu,” nikasema mwisho, “unaona nini humo?”

Akaninyooshea kidole nisogee. “Usitazame alizeti. Tazama mlango. Subiri moshi uinuke. Bado. Bado. Hapo.”

Niliona. Ndani ya giza la mlango kitu kilipita. Cheupe, chembamba, kilicheza chinichini kutoka upande mmoja hadi mwingine, kikapotea. Picha ikazunguka. Kikapita tena. Lilikuwa pindo la khanga yenye madoa meupe, namna linavyoonekana mtu akizungukazunguka jikoni na wewe umekaa nje. Nilikisogelea kioo. Bibi mwenyewe alikuwa mbele, mkubwa, anatabasamu, na nyuma yake bibi alikuwa anapita.

“Nililiona siku ileile ya matanga,” babu akasema. “Yuko ndani, anapika. Hatoki.”

Nilisimamisha picha nikaikuza mpaka ikawa miraba mitupu, na hapo nikaelewa. Muhuri wangu, nilipokuwa nachota giza karibu na miguu yake, ulikuwa umechota na ncha ya pindo, ukaipiga katikati ya mlango. Na kwa kuwa nililifanya giza licheze, pindo nalo likacheza. Hiyo tu. Nilimwelezea babu kila hatua, nikimwonyesha kwa kipanya, harakaharaka kama mtoto aliyevunja kikombe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. “Najua ni picha, mwanangu. Mimi si mtoto.”

“Sasa kwa nini huli? Utakufa, babu.”

Aliichukua fimbo yake pale ukutani. Kisha akaniuliza, “Siku ya matanga, jiko lake aliwasha nani?”

Nikaanza kuwahesabu wanawake wa ukoo mmoja mmoja kichwani.

Katika ukoo wetu mwanamke akifariki, mafiga yake hayawashwi moto mpaka siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo mwanamke wa ukoo anaingia, anawasha, anapika, na mwenye nyumba anapewa cha kwanza. Baada ya hapo nyumba inaendelea kula. Kila mmoja wetu analijua hilo. Na siku ile hakuna aliyewasha. Wapishi walikuwa na gesi yao. Shangazi alidhani mkwe wao, mke wa baba mdogo, kawasha, mkwe alidhani shangazi, na mimi sikudhani chochote, maana moshi nilikuwa nauona kwa macho yangu. Tulikuwa tunautazama wote.

“Nilikaa nasubiri cha kwanza,” babu akasema. “Nikaletewa pilau kwenye sahani ya plastiki, na soda. Nikasema labda chake kinakuja. Moto wake uko humo tu kwenye kioo. Nitakulaje vya jirani, na yeye bado hajapakua?”

“Mbona hukutuambia?”

“Mlikuwa mnafurahia moshi.”

Jumapili nilipanda bodaboda asubuhi, nimebeba unga wa uwele, mlenda mkavu na kibiriti. Njia nzima mashamba yalikuwa mabua tu, na yale mabua ya alizeti yaliyokauka yanagusana upepo ukipita. Babu alikuwa barazani. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kupika. Akaitikia marahaba, akaishika fimbo kwa nguvu.

Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, fundo lilelile alilolifunga shangazi siku ya mazishi. Nililifungua kwa meno. Ndani palikuwa baridi. Majivu, mafiga matatu, sufuria imefunikwa, mwiko umechomekwa kwenye nyasi za paa. Na kigoda cha bibi kilikuwa mlangoni, katikati kabisa ya njia, nikajikwaa nacho. Kwenye picha hakikuwepo pale. Mlango ule naujua punje kwa punje. Nilitaka kumuuliza babu nani aliyekiweka, nikaona nisiulize. Nilikiruka nikaingia.

Moto ulikataa, ukakubali. Moshi ukajaa machoni, ukatafuta njia kwenye nyasi, na nilipochungulia nje niliuona unapanda umelalia kushoto. Wa kwangu, wa kwenye picha, niliulaza kulia. Nililia kidogo, nikajiambia ni moshi.

Nilisonga ugali mpaka mabega yakauma. Nilipomaliza, mkono wangu ulijiendea wenyewe: ko, ko, na ko ndogo.

Nje palikuwa kimya. Kuku hawakulia. Halafu nikasikia maji yanamiminika, na babu ananawa mikono.

Nilimpelekea cha kwanza, nikapiga magoti nikaweka sahani mbele yake. Alimega tonge, akalitazama, akachovya kwenye mlenda, akala. Akamega jingine. Nilikuwa nimesharudi jikoni kupakua changu niliposikia sauti yake.

“We mke mdogo!”

“Abee, mume wangu!”

“Chumvi umeificha wapi? Mwenzio asingenifanyia hivi. Au unataka nikurudishe kwenu?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majivu. “Kula hivyohivyo, au niache utafute atakayekuwekea chumvi!”

Nikiwa bado nacheka, nimeinamia sufuria, mgongo wangu ukiwa mlangoni, mwanga ndani ya jiko ulififia, ukarudi. Kama mtu anapopita mlangoni akakuzibia jua kidogo. Nilimsikia babu barazani, anakohoa, anakwangua sahani. Sikugeuka. Niliufunika ugali, nikapangusa mikono.

Kisha nikakishika kigoda cha bibi, nikakisogeza ukutani, mlango ukabaki wazi.