Nililisha wapinzani pilau kabla ya mechi, timu yetu ya chuo hapa London ikanusurika

Wakuu, heshima zenu. Shikamoo kwa wanaostahili, wengine mambo vipi.

Hiki ninachowaletea kimenikuta mimi mwenyewe, sijahadithiwa. Asiyeamini aje Hounslow nimwonyeshe sufuria.

Niko huku nasoma Masters, naishi kwa shangazi yangu anayefanya kazi ya usafi uwanja wa ndege. Mwaka jana nikajiunga na timu ya mpira ya chuo.

Msishtuke. Chuo kina timu tatu. Ya kwanza ni ya wanaojua mpira, ya pili ni ya wanaodhani wanajua, ya tatu ndiyo yetu.

Beki wetu wa kulia anasomea falsafa. Ukimpita, anasimama kutafakari. Kipa haoni bila miwani, na miwani hachezi nayo. Mimi ni winga wa benchi. Waliposikia natokea East Africa walijua wamepata mtu wa mbio. Mazoezi ya siku ya kwanza yalimaliza mjadala huo.

Lakini tulipendana, aisee. Huku mwanafunzi mgeni unaweza kumaliza wiki hujasikia mtu akikuita jina lako. Jumatano mchana vipindi vinasimama ili watu wacheze, na hapo jina langu lilikuwa linaitwa na kila mtu, hata kama ni kwa kufokewa. Mimi ilinitosha.

Sasa ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Ofisi ya michezo ikatuambia waziwazi kwamba tukishuka daraja, timu ya tatu inafutwa. Sare haisaidii, lazima tushinde. Kapteni wetu Callum, mzungu mmoja mpole sana, akaanza kutembea anaongea peke yake.

Kuna desturi ya huku lazima niwaeleze. Siku ya mechi, timu mwenyeji inailisha timu ngeni. Hata kama mmepigana viatu, mnakaa meza moja mnakula. Mimi nilikuwa naisikia tu, maana huwa nafika mechi inaanza, na ikiisha nakimbilia shift yangu dukani Heathrow.

Callum akauliza kwenye group nani atashughulikia chakula. Mimi siku hiyo kazini nilikuwa nimeomba ruhusa. Nikajitolea, nikijua uwanjani sitegemewi, basi angalau jikoni.

Shangazi alipojua nataka kununua sandwich alinitazama kwa huruma.

"Baba, watu wamekaa kwenye basi tangu asubuhi, halafu uwape mkate wa baridi? Watasema hukulelewa. Na aliyekulea ni nani kama si sisi?"

Akanituma Kingsbury Road kwa mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, anayeuza viungo. Mama aliposikia ni pilau la vijana wa mpira akasema, "Basi bizari ongeza, na nyama usifanye uchoyo." Nikawatii wote wawili.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyenitajia muda. Na mimi sikuuliza, kwa sababu kwetu hilo si swali. Mgeni akishuka garini ananawa, anakula. Humwambii akimbie kwanza dakika tisini ndipo umfikirie.

Basi lao likafika mapema. Nikawapokea kwenye ukumbi mdogo kando ya uwanja, sufuria iko wazi, kachumbari pembeni, ndizi zimepangwa. Kocha wao alikuwa bado nje na dereva anatafuta pa kuegesha.

Kapteni wao, jitu refu la ndevu nyekundu, akanusa. "Now?" akaniuliza.

"Of course now," nikamjibu. Akachukua sahani, na wenzake nyuma yake.

Callum alitoka kuvaa jezi akakuta wapinzani wetu wote wameinamia pilau. Akanivuta pembeni.

"Why are they eating?"

Nikamwambia, kwa sababu wamefika.

Akanieleza polepole kwamba chakula ni baada ya mechi. Wakuu, niligeuka kuzitazama sahani, zimeshajaa. Lakini ningefanya nini? Mgeni hanyang'anywi sahani.

Wakati tunanong'ona, mwanafalsafa wetu naye alishapakua. Kufumba na kufumbua timu yetu nzima iko mezani, wengine wanaongeza. Callum pekee ndiye aliyekataa. Mimi sikula pia, mwenyeji anakula mwisho.

Mechi yenyewe sina maneno. Watu walikuwa wanatembea. Winga wao alikimbia kidogo, akasimama, akashika kiuno akaangalia mbingu. Kona ikipigwa, mpira unapita juu ya vichwa na hakuna anayeruka, wanausindikiza kwa macho. Refa alifika kila tukio wa kwanza.

Mpira unakaribia kuisha, bado sifuri kwa sifuri, na sare ndiyo kifo chetu. Callum akaja benchi akauliza swali moja.

"Who hasn't eaten?"

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa peke yangu.

Wakuu, mimi huyu, kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mtu mwenye mbio kuliko wote uwanjani. Nikampita beki mmoja, akaniaga. Nikamsogezea Callum, akafunga. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tulilia, sifichi. Timu imepona.

Kisha kocha wao akanipita akasema kwa ubaridi, "Very clever." Furaha ikanitoka yote. Alidhani niliwalisha makusudi. Ningekubali kuitwa mchezaji mbovu, nimezoea, lakini kumlisha mgeni ili umdhuru ni laana. Niliona aibu ya shangazi, ya ukoo mzima.

Nikawafuata mpaka kwenye basi, nikasema mbele yao wote kwamba sikujua, nisameheni.

Ndevu nyekundu akacheka. "Mate, we knew. We all knew it's for after. It smelled too good." Kocha akageuka kumtazama. Jamaa wala hakuona haya, akaniuliza kama kimebaki.

Nikamwambia umebaki ukoko tu. Akauliza ukoko ni nini.

Basi halikuondoka kwa wakati. Timu mbili zilizunguka sufuria moja wanakwangua, na kocha yule yule wa very clever akawa anagombea upande ulioungua na Callum, ambaye kwa njaa aliyokuwa nayo hakumwachia.

Funzo nililopata: ukarimu usiupunguze hata ukiwa ugenini, ila uliza ratiba.

Timu ipo, na mimi nimerudi benchi. Wana sheria na wana michezo humu, nisaidieni: mtu akila kwa hiari yake akashindwa kukimbia, mwenyeji ana kosa? Maana Callum ameniomba nipike tena mechi ijayo, na safari hii muda kautaja yeye: kabla.