Chuma cha Plau Kisichopasuka

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa kijijini kwetu Dutwa kila mtu anaisimulia habari hii kwa kuongeza chumvi, bora niiseme mwenyewe ilivyokuwa.

Mimi ni fundi chuma. Kwa kutumia springi ya lori, nilimtengenezea Mzee Ngasa wa kijiji cha Migato, baba yake Nkwimba (nilikuwa nimeshapeleka posa kwa Nkwimba, jibu bado), kile chuma cha plau kinachokata udongo, na siku ya pili tu kikapasuka katikati. Mzee hakugomba. Alisema, "Lete kingine," na kuhusu binti yake hakusema kitu.

Nikakumbuka mwalimu wetu chuoni alivyotuonyesha kwenye hadubini kwamba chuma kina uchafu ndani, kikifuliwa ule uchafu unavutika kama nyuzi za pamba na ufa unazifuata hizo nyuzi, lakini ukikipa moto mkali kwa saa nyingi, nyuzi zinakatika na kujiviringa kuwa punje kama uwele, ufa unakosa njia. Basi nikakiweka kingine motoni tangu asubuhi mpaka jioni, nikampelekea mzee, nikamwambia mbele ya majirani zake, "Baba, safari hii hakipasuki."

Ila baada ya moto ule mrefu chuma hulainika, inabidi ukipashe tena, ukitose kwenye oili kiwe kigumu. Nilijua, na jioni ile ndoo ya oili ilikuwa miguuni pangu. Lakini kwenye kutosa ndiko chuma hupasuka, na mimi nikawaza ufa, nikawaza Nkwimba, nikakitoa kwa koleo, nikakirudisha, nikakitoa tena, mwisho nikakifukia kwenye majivu kipoe taratibu. Nikajiambia ni tahadhari, kumbe ulikuwa woga.

Migato wanalimiana kwa zamu: wenzako wanaleta ng'ombe, wewe unatoa plau na chakula, na zamu ikikupita unasubiri mpaka wote wamalize, mvua haikungoji. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mzee Ngasa. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma, akaitikia vizuri, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya mwisho.

Ng'ombe hawakufika hata hatua kumi, plau ikaanza kuteleza juu ya udongo. Tukaiinua. Chuma kimekunjika kuelekea nyuma kama chapati. Nikakinyoosha kwa nyundo, kikakunjika. Nikakinyoosha tena, kikakunjika tena, jasho linanitiririka, na Nkwimba amesimama na sufuria ya uji hajui amtazame nani.

Mzee akakichukua, akakigeuzageuza.

"Ufa uko wapi?"

"Hakuna, baba."

"Basi hukusema uongo. Hakijapasuka."

Akafungua ng'ombe, wakapelekwa kwa jirani aliyefuata. Mzee mwenyewe alilima mwishoni kabisa, kwa plau ya kuazima, mahindi yake yakatoka mafupi.

Siku hizi chuma nakitosa, nikiogopa naogopea hukohuko kwenye oili. Nilimwomba mzee anirudishie kile chuma nikakitie ugumu, akasema atanipa siku atakayonijibu kuhusu Nkwimba. Pamba imeshavunwa, na nikipita pale kwake nakiona bado kimetundikwa mlangoni.